Ufunguo wa SSH nilioufuta kwa API umerudi wenyewe usiku. Nani anaurudisha?

#1 Nanga ya Seva

Habari wakuu.

Kazini nimepewa jukumu la kusafisha funguo za SSH (za kuingilia seva kwa mbali) zisizotumika kwenye akaunti yetu ya AWS, wingu la Amazon. Akaunti ni ya siku nyingi na kila aliyewahi kupita hapa ameacha ufunguo wake. Kuna zenye majina ya watu, zenye majina ya miradi iliyokufa, na msururu wa `packer_` zenye mikia isiyosomeka. Tuko kanda mbili, Cape Town na Ireland.

Nimefanya kwa API, yaani kwa amri, sikukaa kubofya moja moja kwenye konsoli. Kwanza nilichukua orodha nzima pamoja na alama za vidole (muhtasari mfupi wa kila ufunguo), nikaihifadhi. Kisha nikailinganisha na mashine zilizopo, na ufunguo usiotajwa na mashine yoyote nikaupiga DeleteKeyPair. Kila ombi lilijibu `true`.

Leo asubuhi napitia orodha, ufunguo mmoja, `prod-deploy`, upo tena Cape Town. Jina lile lile, KeyPairId mpya, alama za vidole hazifanani na za zamani. CreateTime inasoma 23:04 na Z mwishoni. Mimi sijaugusa, na wenzangu wote kwenye timu wanaruka.

Je, AWS wana kitu kinachorudisha ufunguo uliofutwa? Kama hakuna, huyu ni nani?

#2 Kasuku wa Keko

Nimekaa siti ya mbele. Waje wataalamu.

#3 Mzee wa Terminali

Hakuna kitu kama hicho. Ufunguo ukifutwa EC2, huduma ya mashine za AWS, umefutwa, hauna pipa la taka la kuutoa. Huo wako umewekwa upya, ama na mtu ama na programu. Na saa tano usiku watu bado wako macho, muulize aliyekuwa zamu.

#4 Bi Mitambo

Mzee wangu, Z ni UTC. Ongeza tatu, unapata saa nane na dakika nne usiku kwa saa zetu. Aliye macho saa nane usiku na ana kazi ya kufanya ni cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba.

#5 Chumvi ya Pwani

Au mlevi mwenye laptop.

#6 JuaKali254

Kabla hatujamtafuta mchawi, tuonyeshe ulivyofuta. Nimeona watu wakizungusha orodha kwa `for k in $(cat orodha.txt)`, na jina lenye nafasi katikati linakatwa vipande. Ufunguo unaitwa `Asha laptop`, skripti inaagiza ufutwe `Asha`, halafu ufutwe `laptop`. EC2 ukiiambia ifute jina ambalo halipo hailalamiki, inakujibu vizuri tu kana kwamba kazi imefanyika. Sasa kama kuna ufunguo wa mtu mwingine unaitwa `laptop` peke yake, huo umekwenda na maji, na ule uliotaka kuufuta bado umekaa pale. Hiyo `true` yako basi haithibitishi mengi.

#7 Nanga ya Seva

JuaKali, nilitumia `while read -r`, na kwenye kufuta nilitumia KeyPairId badala ya jina. Kuchuja ilikuwa hivi:

```
aws ec2 describe-instances --region af-south-1 \
  --query 'Reservations[].Instances[].KeyName' --output text \
  | tr '\t' '\n' | sort -u > zinazotumika.txt
aws ec2 describe-key-pairs --region af-south-1 \
  --query 'KeyPairs[].KeyName' --output text \
  | tr '\t' '\n' | sort > zote.txt
comm -13 zinazotumika.txt zote.txt
```

Mstari wa mwisho unatoa majina yaliyopo kwenye faili la pili tu. Nikachukua id ya kila jina, nikafuta. Ireland nikarudia vilevile, maana funguo za EC2 ni za kanda, hazivuki.

#8 Bi Mitambo

Umefanya kwa adabu, ila hapo kuna pengo. Hiyo orodha ya kwanza inakuambia mashine ilizaliwa na ufunguo gani, basi. Haijui violezo vya kuanzishia mashine, vile `LaunchTemplate`. Kama una kundi la Auto Scaling, linaloongeza na kupunguza mashine lenyewe, na kiolezo chake kinataja `prod-deploy`, na usiku huo kwa bahati kundi lilikuwa na mashine sifuri, wewe umeona ufunguo yatima ukaufuta. Kundi linapotaka kuongeza mashine linapigwa na `InvalidKeyPair.NotFound`. Linajaribu tena, linapigwa tena. Kengele inamwamsha mtu wa zamu, naye anaona ujumbe, anaingiza ufunguo haraka haraka ili arudi kulala. Asubuhi ukimuuliza, yeye anakumbuka kwamba "alirekebisha Auto Scaling", hakumbuki kwamba aligusa ufunguo.

Pitia `describe-launch-template-versions`. Matoleo yote, usiishie kwenye la mwisho.

#9 Shemeji wa Linux

Bi Mitambo kamaliza. Auto Scaling ilikosa ufunguo ikatengeneza mwingine. Tufunge uzi.

#10 Bi Mitambo

Shemeji, soma tena. Auto Scaling haitengenezi ufunguo, inafeli tu. Nimesema MTU.

#11 Fundi Mnyamavu

Nanga, hesabu jozi kwenye alama za vidole, ya zamani na mpya. Ni RSA?

#12 Nanga ya Seva

RSA ndiyo. Ya zamani ina jozi 20 zilizotenganishwa na nukta pacha. Mpya ina jozi 16.

#13 Fundi Mnyamavu

Basi hapo hatuwezi kusema ni ufunguo tofauti. EC2 ikikutengenezea RSA yenyewe, ukapakua `.pem` (faili la ufunguo wa siri), alama inayokuonyesha ni SHA-1 ya ufunguo wa siri, baiti 20. Ukija na ufunguo wako ukaupandisha kwa ImportKeyPair, alama ni MD5 ya ufunguo wa umma, baiti 16. Ufunguo mmoja ule ule unaweza kuwa na sura mbili kulingana na mlango ulioingilia.

Kwa hiyo wa zamani ulizaliwa ndani ya AWS. Huu mpya umeingizwa kutoka nje.

#14 Kasuku wa Keko

Huyu Fundi anaongea kidogo lakini akiongea unakaa kimya.

#15 Shemeji wa Linux

Rahisi tu kuhakikisha. Chukua ufunguo wa umma ulioko kwenye `authorized_keys` ya seva, piga `ssh-keygen -E md5 -lf`, linganisha na hizo jozi 16.

#16 Fundi Mnyamavu

Hazitalingana hata kama ni ule ule. AWS inapiga MD5 juu ya muundo wa DER, `ssh-keygen` inapiga juu ya muundo wake wa SSH. Utaona tofauti uanze kushuku watu bure. Omba EC2 ikupe ufunguo wa umma wenyewe:

```
aws ec2 describe-key-pairs --key-names prod-deploy \
  --include-public-key --query 'KeyPairs[0].PublicKey' --output text
```

Uweke kando ya ule wa kwenye seva, utazame herufi kwa herufi.

#17 Nanga ya Seva

Nimefanya sasa hivi. Ni ule ule kabisa, hakuna hata herufi moja iliyopishana. Aliyeuingiza ana ufunguo wa umma wa zamani.

#18 Mzee wa Terminali

Saa za Greenwich nimeziona, tuendelee. Ni Terraform huyo, programu inayojenga rasilimali za wingu kutokana na msimbo. Rasilimali ya `aws_key_pair` haiumbi ufunguo, inaingiza wa umma tu, ndiyo maana ya jozi 16. Kila ukifuta kwa mkono kitu ambacho Terraform inakimiliki, `apply` inayofuata inakikuta hakipo, inakirudisha. Inafanya kazi yake. Tafuta kwenye msimbo wenu neno `prod-deploy`, huyo mchawi atajitokeza.

#19 Fundi Mnyamavu

Mzee, ingekuwa Terraform inaumiliki tangu mwanzo, ufunguo wa kwanza nao ungekuwa na jozi 16. Ulikuwa na 20.

#20 JuaKali254

Hapo Fundi ameshika mahali. Lakini ngoja niongeze la kwangu. Tuseme ufunguo wa kwanza mtu aliutengeneza kwenye konsoli zamani. Baadaye akaja kijana mwenye bidii akaandika Terraform ya kila kitu, na `aws_key_pair` ya jina lile lile, akachukua ufunguo wa umma kutoka kwenye seva akaubandika. Kazi yake ikapangwa iende usiku. Kila usiku inapigwa `InvalidKeyPair.Duplicate` kwa sababu jina lipo tayari, inafeli, hakuna anayesoma barua pepe zake. Sasa Nanga umekuja ukaondoa ule wa zamani. Njia imekuwa nyeupe, usiku ule kazi ikapita kwa mara ya kwanza.

Yaani wewe ndiye umemfungulia mlango.

#21 Chumvi ya Pwani

JuaKali, hiyo ni tamthilia ya saa tatu usiku.

#22 Bi Mitambo

Tamthilia lakini nimewahi kuiona. Si kwa ufunguo, ilikuwa rekodi ya DNS. Kazi ya usiku ilikuwa nyekundu tangu watu wa zamani wako kazini, na kila mpya aliyeuliza aliambiwa "hiyo ndivyo ilivyo". Siku mtu alipofanya usafi ikageuka kijani, na huo ukijani ndio ulioleta balaa.

Hata hivyo bado naunga mkono mtu wa zamu.

#23 Msukuma wa Data

Samahani, mimi nina swali la kizembe. Funguo hazilipiwi. Akaunti inaruhusu maelfu kwa kila kanda. Mnahangaika kufuta kitu cha bure kwa nini? Kama bosi anataka usafi, mwambie aanzie kwenye anwani za IPv4. Tangu Februari 2024 AWS wanatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila IPv4 ya umma, iwe inatumika au imekaa. Hiyo ni kama dola 3.6 kwa mwezi kwa anwani moja. Kusanya zile zilizosahaulika, mtapata hela ya pilau la ofisi.

#24 Mlinzi wa Poti 22

Msukuma, kwenye hela uko sahihi. Na mimi nakwenda mbele zaidi: kufuta ufunguo kwenye orodha ya EC2 hakufungi mlango wowote. DeleteKeyPair inaondoa nakala ya ufunguo wa umma kwenye daftari la AWS. Mstari ulioandikwa kwenye `~/.ssh/authorized_keys` ndani ya mashine uko pale pale, na mwenye `.pem` anaendelea kuingia kama jana. Ule mstari uliandikwa na cloud-init, programu ya kuandaa mashine mpya, mashine ilipowaka mara ya kwanza, na AWS hairudi kuugusa.

Baya zaidi ni picha za mashine, AMI. Umetengeneza AMI kutoka kwenye seva ya zamani bila kusafisha, kila mashine inayozaliwa kutoka kwenye AMI hiyo ina ufunguo wa zamani ndani. Ukiianzisha na ufunguo mpya, mpya unaongezwa chini ya wa zamani. Unaona KeyName mpya kwenye konsoli, unafurahi, kumbe nyumba ina milango miwili.

Nanga, usafi wako ni wa daftari. Bosi akiuliza kama walioondoka hawawezi tena kuingia, usimjibu ndiyo.

#25 Wingu Jeupe

Mlinzi, hayo ni ya AWS. Sisi tuko Google Cloud na huko mambo ni kinyume. Funguo zinakaa kwenye metadata ya mradi au ya mashine, na ndani ya mashine kuna wakala anayesoma metadata na kuandika `authorized_keys`. Ukiondoa ufunguo kwenye metadata, wakala anauondoa na kwenye mashine. Mlango unafungwa kweli.

Ila huko ndiko watu wanakojifungia nje. `ssh-keys` ni thamani moja ndefu yenye funguo zote, mstari kwa mstari. Kijana mmoja kwenye timu tuliyokuwa tunafanya nayo kazi alitaka kuondoa ufunguo wa mtu mmoja, akaandika `add-metadata` na faili lenye ufunguo wake yeye tu, akidhani neno "add" linaongeza. Linaandika thamani upya. Ofisi nzima ikabaki nje, yeye peke yake ndiye anayeingia, na alikuwa ameenda msibani Mbeya.

#26 Kasuku wa Keko

😂😂 Pole kwa wafiwa na kwa ofisi.

#27 Mlinzi wa Poti 22

Wingu, sahihi, ila ongeza: kama mmewasha OS Login, hizo za kwenye metadata hazisomwi tena, funguo zinatoka kwenye utambulisho wa mtu. Na mstari ambao mtu aliubandika kwa mkono bila alama ya Google, wakala hauondoi.

#28 Dogo Janja_TZ

Mimi natumia DigitalOcean na Hetzner kwa miradi ya wateja. Huko kufuta ni `DELETE` kwa id, inajibu 204, imeisha. Na kama alivyosema Mlinzi, Droplet (mashine ya DigitalOcean) ambayo tayari imeshawashwa haibadiliki.

Mtego wa huko ni kurasa. Orodha ya DigitalOcean inakuja 20 kwa ukurasa usipotaja, Hetzner 25. Nimepokea skripti ya mtangulizi wangu ambayo "inasafisha funguo zote kuukuu kila mwezi" na imekuwa ikisafisha ukurasa wa kwanza tu. Za ukurasa wa pili zimezeeka pale kwa amani.

Nanga, una uhakika hukusoma ukurasa mmoja?

#29 Nanga ya Seva

Dogo, `describe-key-pairs` haina kurasa, inamwaga zote. Na kumbuka ule wa kwanza ulikuwa na id nyingine, niliuona ukiondoka.

Violezo nimepitia kama alivyosema Bi Mitambo. Kuna kimoja, toleo la zamani, kinataja `prod-deploy`. Toleo linalotumika sasa halitaji ufunguo wowote. Mtu wa zamu anaapa hakuamshwa usiku huo. Terraform nimetafuta kwenye hazina zote ninazoziona, hakuna kitu. Nasisitiza, NINAZOZIONA.

#30 JuaKali254

Toleo la zamani lipo. Auto Scaling ikirudishwa nyuma kwa bahati mbaya, nadharia ya Bi Mitambo inafufuka. Na hazina usizoziona ndizo zenye kijana wangu mwenye bidii. Ngoma droo.

#31 Mzee wa Terminali

Mnafanya mzaha na funguo kuukuu kwa sababu hamkuwepo 2008. Mei ya mwaka ule Luciano Bello aligundua kwamba OpenSSL ya Debian ilikuwa imevunjwa tangu Septemba 2006. Mtu aliondoa mistari iliyokuwa inalalamikiwa na zana ya kukagua kumbukumbu, na bahati nasibu ikabaki inategemea namba ya mchakato tu. Funguo zote zinazowezekana kwa aina na ukubwa mmoja zikawa 32,767. Mtu anaziandaa zote mapema anajaribu moja moja hadi mlango ufunguke. Ubuntu nayo ilimo, kwa kuwa imetokana na Debian.

EC2 ilifunguliwa 2006. Akaunti za umri huo, na mtu aliyepandisha ufunguo aliouzalisha kwenye Debian yake ya wakati ule, mahesabu hayo mfanye wenyewe. Ndiyo maana ya kusafisha, Msukuma.

#32 Msukuma wa Data

Mzee, ImportKeyPair mwaka 2006 haikuwepo, hadithi yako ina tundu. Ila nimeelewa hoja.

#33 Mzee wa Terminali

Kuingiza kulikuja baadaye, ufunguo wa 2007 ukaingizwa baadaye. Ufunguo haulali kwenye friji ukaharibika, kijana. Mtu anabeba `id_rsa` yake kutoka kompyuta hadi kompyuta kama urithi wa babu.

#34 Chumvi ya Pwani

Na Tatu Ylönen aliyetuletea SSH mwaka 1995 kule Finland alikuwa anakimbia wanusaji wa nywila kwenye mtandao wa chuo. Leo nywila tumezishinda, tunahangaika na funguo. Mwakani tutahangaika na nini?

#35 Mmakonde wa Ontario

Salamu kutoka baridini, ingawa Julai hii tunaungua. Wote mnahesabu saa kwa Dar na Nairobi. 23:04 UTC, huku Toronto ni saa moja jioni, Calgary ni saa kumi na moja jioni. Mna mkandarasi yeyote upande huu? Kwake ni muda wa kawaida kabisa wa kufunga kazi. Anafungua konsoli aanzishe mashine, ufunguo aliouzoea haupo kwenye orodha, anauingiza. Wala haoni kama amefanya jambo.

#36 Nanga ya Seva

Mmakonde, umenishtua. Tunaye mmoja, na yuko Calgary kweli. Nimemwandikia. Anasema tangu mwaka jana anaingia kwa Session Manager, njia ya AWS isiyohitaji ufunguo, SSH hagusi. Alisema kwa upole lakini nadhani hakupenda swali.

#37 Bi Mitambo

Sasa tumeanza kuwahoji watu kwa masaa ya jua wakati jibu liko kwenye CloudTrail, daftari la AWS la nani alifanya nini. Fungua Event history, kanda ya Cape Town, tafuta `ImportKeyPair`. Historia inakaa siku 90. Ndani ya tukio kuna `userIdentity` na `userAgent`. Terraform inajitaja yenyewe kwenye `userAgent`, na kivinjari nacho kinajulikana. Dakika mbili tu.

#38 Nanga ya Seva

Dada, ningekuwa na ruhusa hiyo nisingefungua uzi. Akaunti ilijengwa ili sisi tufute funguo lakini tusione nani anaziweka. CloudTrail wanayo watu wa usalama makao makuu. Ombi limetumwa, nimejibiwa kwamba limepokelewa.

#39 Kasuku wa Keko

"Limepokelewa." Hapo ndipo matumaini hufia.

#40 Simba wa Kimara

Mnazunguka. Kuna mtu ameondoka hapo kazini na mlifuta ufunguo wake wa SSH mkasahau ufunguo wake wa API, ule unaoanza na `AKIA`. Huyo anaweza kupiga ImportKeyPair akiwa kitandani kwake. Nanga, nani aliondoka mwisho? Na IAM yake, yaani ruhusa zake za AWS, ilifungwa?

#41 Mlinzi wa Poti 22

Simba, mwizi mwenye `AKIA` ya kuingiza funguo ana mambo mengi mazuri zaidi ya kufanya kuliko kurudisha `prod-deploy` chini ya jina lile lile. Na ufunguo kukaa kwenye daftari la EC2 haumwingizi kwenye mashine yoyote iliyopo. Angepata faida gani?

#42 Simba wa Kimara

Faida ni mashine zitakazozaliwa kesho na kiolezo kile cha zamani. `.pem` anayo. Anasubiri.

#43 Mlinzi wa Poti 22

Hmm. Hilo siwezi kulipinga moja kwa moja.

#44 Wingu Jeupe

CloudFormation je, ile ya AWS inayofanana na Terraform? Nayo ina `AWS::EC2::KeyPair`, na ukiweka `PublicKeyMaterial` inaingiza badala ya kuumba.

#45 JuaKali254

CloudFormation haina tabia ya kurudisha kitu kilichofutwa kwa mkono. Haijui hata kama hakipo mpaka mtu apime tofauti au asasishe stack. Kwa hiyo tena tunarudi kwa mtu au kwa kazi ya usiku.

#46 Bi Mitambo

Nanga, kama CloudTrail inachelewa, geuza swali. Futa ufunguo tena, na umwombe mwenye IAM aweke katazo la `ec2:ImportKeyPair` kwa wote, hata kwa wiki. Anayejaribu atakutana na `UnauthorizedOperation`. Mtu atapiga kelele, au kazi fulani itageuka nyekundu, au ile iliyokuwa nyekundu itarudi nyekundu. Hifadhi ufunguo wa umma kwanza.

#47 Nanga ya Seva

Marejesho, wakuu. Katazo limewekwa, ufunguo umefutwa. Haujarudi. Hakuna aliyelalamika na hakuna kazi niijuayo iliyobadilika rangi.

Ila nilichukua ule ufunguo wa umma niliouhifadhi, nikaupitisha kwa `ssh-keygen -lf` nikapata SHA256 yake, kisha nikaitafuta kwenye `/var/log/auth.log` ya mashine za Cape Town. Kwenye mashine moja, ya ripoti za fedha, ipo:

`Accepted publickey for ubuntu from 10.20.4.37 port 51522 ssh2: RSA SHA256:...`

Inaingia mara moja, inakaa sekunde chache, inatoka. Hiyo mashine ilizaliwa na ufunguo mwingine kabisa, kwa hiyo kwa skripti yangu `prod-deploy` ulikuwa "hautumiki".

Nimetafuta 10.20.4.37 kwa `describe-network-interfaces`. Haina mwenyewe kwa sasa.

#48 Mlinzi wa Poti 22

Ndiyo yale ya #24. Ufunguo umo ndani ya mashine, hautajwi na konsoli. Mtazame mwanzo wa `authorized_keys`, kama `prod-deploy` uko mstari wa kwanza na KeyName ya mashine iko wa pili, umetoka kwenye AMI.

#49 JuaKali254

Sekunde chache kisha inatoka: hiyo ni `rsync` ya bakapu au skripti ya kuvuta ripoti. IP isiyo na mwenyewe ni mashine ya muda, inazaliwa, inafanya kazi, inakufa. Na mashine ya muda inazaliwa kutoka kwenye kiolezo. KIOLEZO, Bi Mitambo.

#50 Bi Mitambo

Asante kwa kunikumbuka.

#51 Fundi Mnyamavu

Au ni lango, seva ya kati ambayo watu hupitia kwanza. Watu wakipita kwa ProxyJump, seva ya ndani inaona IP ya lango, haioni ya mtu. Lango likibadilishwa, IP ya zamani inabaki haina mwenyewe. Ulikuwa na lango kwenye subnet hiyo?

#52 Nanga ya Seva

Lilikuwepo. Lilibadilishwa mwezi huu. Ipi kati ya hizo mbili, sijui bado. Nikiondoa mstari kwenye `authorized_keys` leo nini kitavunjika?

#53 Simba wa Kimara

Ondoa leo. Ukisubiri unamfugia mwizi.

#54 JuaKali254

Usiondoe, ni mashine ya fedha na mwezi unaisha. Weka `expiry-time` mbele ya mstari, tarehe ya baada ya kufunga hesabu. OpenSSH inaielewa tangu 7.7. Siku ikifika unajifunga wenyewe, na unakuwa umeshawatangazia watu.

#55 Mlinzi wa Poti 22

Au weka `from="10.20.4.0/24"` kwanza. Simba atalala, fedha watafunga hesabu.

#56 Simba wa Kimara

Silali. Mwizi wangu yuko ndani ya subnet.

#57 Nanga ya Seva

Nimeweka zote mbili. Makao makuu bado "limepokelewa". Wakijibu nitaleta hapa.

#58 Dogo Janja_TZ

Nje ya mada kidogo: zile `packer_` za kwenye #1 ulizifuta? Mimi ninazo nyingi.

#59 Fundi Mnyamavu

Packer inajitengenezea ufunguo wa muda kila inapojenga picha, ikimaliza inaufuta. Zinazobaki ni za ujenzi uliokatwa katikati. Futa, ila angalia CreateTime kwanza, ya leo iache. Kuna mtu anaweza kuwa anajenga sasa hivi.